Jina Lililobaki Kwenye Seva

Nianze na mashine, kwa sababu mashine nazijua, na kwa sababu ndugu zangu wakinisikia nikieleza jambo hili husema nazisingizia.

Kazi yangu ni ya kompyuta, katika chuo chenye makao makuu Kitale na tawi Bungoma. Kwa miaka mingi kuchapisha karatasi pale chuoni kulikuwa vurugu tupu. Kila ofisi na printa yake ndogo, na nusu ya printa zenyewe zimekufa. Huyu anachapisha kadi za harusi ya binamu yake, yule noti za kanisa, na mitihani inaachwa imelala juu ya mashine, kila anayepita anasoma. Mimi sipendi mambo ya ovyo ovyo. Nikikuta karatasi zimetupwa sakafuni kichwa kinaniuma, kweli kabisa. Basi uongozi ulipokubali tuunganishe printa zote kwenye mfumo mmoja, niliirukia kazi ile kama mtu aliyeitiwa chakula.

Mfumo wenyewe si mgumu kuueleza. Unabonyeza kuchapisha ukiwa popote, Kitale au Bungoma au hata nyumbani kwako, lakini karatasi haitoki. Kazi yako inaenda kukaa kwenye seva iliyo Kitale, inapanga foleni. Wewe unaiendea mashine yoyote kubwa ya chuo, unagusisha kadi yako ya kazi, kioo kinakuonyesha kazi zako, unachagua, inatoka. Kazi kubwa sana haitoki mpaka msimamizi wa mfumo aipe ruhusa, na kabla ya ruhusa hata kwenye kioo haionekani. Msimamizi ni mimi. Hilo la kutoonekana nililiweka mwenyewe, ili watu wasisimame mbele ya mashine wakinipigia simu za "madam, madam, imekataa." Halafu nilipokuwa nikiwafundisha nilirudia mpaka sauti ikakauka: ukibadilisha kitu kwenye kazi yako, futa kwanza ile ya zamani. Mashine haijui ni ipi unayoitaka.

Kule Bungoma kulikuwa na mama mmoja wa chumba cha kuchapisha. Alikuwa pale tangu enzi za mashine za kuzungusha kwa mkono, na kila karatasi ya tawi lile ilipita mikononi mwake. Kwa mitihani alikuwa mwepesi, kwa barua pia. Lakini vitabu vya mazishi, lo! Kwetu mfanyakazi akifiwa, chuo humchapishia kitabu cha mazishi, kile chenye picha ya marehemu, ratiba, na historia yake. Kukichapisha ilikuwa heshima ya mama yule, na hakuwahi kukichapisha bila kumpigia simu mwenye msiba. Alisoma majina yote kwa sauti, moja moja, kisha anauliza, "Hesabu tena. Watoto wametimia? Wajukuu je? Kuna mtu amebaki nje?" Maana kwetu historia ya marehemu si mapambo. Jina la mtoto likisomwa, mwenyewe husimama, anaenda mbele karibu na jeneza, na umati wote unamwona. Aliyeachwa nje ameachwa nje mbele ya dunia.

Nilipofika na nyaya zangu kumwambia chumba kinafungwa, alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza.

"Sasa nani atakuwa anasoma?" akauliza.

"Hakuna kusoma, mama. Kila mtu atajisomea yake. Mashine kazi yake ni kutoa."

"Ati mtu amefiwa, halafu ajisomee?"

Nilikuwa na haraka, na mimi nikiwa na haraka mdomo wangu hauna breki. Nikamwambia hatuwezi kuendesha chuo kwa huruma. Uongozi ukampeleka maktaba, kukaa mlangoni akipokea mifuko ya wanafunzi. Nilimpita pale kila siku wiki zile, na nilijiambia amepumzishwa.

Wiki zile zile baba alikuwa amelazwa hospitalini, hapo hapo Bungoma. Mwendo wa dakika kumi na tano kutoka nilipokuwa nikivuta nyaya. Naona aibu kuandika kwamba nilikwenda kumwona kila nilipopata nafasi, na nafasi sikuipata mara nyingi. Siku moja mchana nikamkuta mwanamke ameketi kitandani kwake, anamlisha uji kwa kijiko, anampangusa kidevu kwa pembe ya leso. Nilidhani ni mtu wa kanisa. Akageuka. Haki ya nani, nilijiona mwenyewe, paji langu la uso, masikio yangu haya yaliyochomoza, kwa mtu ambaye sikuwahi kumwona.

"Mulembe, dada," akanisalimu. "Mimi natoka Lwakhakha."

Baba alifumba macho, akajifanya amelala.

Ndivyo nilivyomjua. Baba alikuwa amefanya biashara ya mahindi mpakani, pale Lwakhakha, kabla sijazaliwa, na huko akamzaa msichana huyu, baada ya kaka zangu watatu na kabla yangu mimi. Kaka zangu walijua. Mama yangu alijua pia, na alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo nyumbani kwetu Ndalu. Mimi mwenye maneno mengi, pamoja na wadogo zangu, ndio ambao hatukuwahi kuambiwa kitu. Nilikasirika siku mbili, kisha hasira ikaniisha, kwa sababu kila nilipofika wodini nilimkuta yeye ameshatangulia. Alikuwa akifunga kibanda chake cha mitumba na kuja mpaka Bungoma, siku moja ndiyo, siku moja hapana, na hakuwahi kuniuliza mbona mimi siji.

Kitu kimoja tu aliomba. Baba alipokata roho, tuliketi kwenye benchi nje ya wodi, yeye analia bila sauti, mimi nalia kwa kelele kama kawaida yangu. Akasema, "Dada, shamba sitaki. Ng'ombe sitaki. Nataka siku ya kumzika jina langu lisomwe na watoto wake. Mara moja tu. Mama yangu ni mzee, miguu imekataa, hawezi kufika. Lakini amengoja hilo maisha yake yote, na ningependa nirudi nimwambie."

Nikamwambia litasomwa. Nilimwahidi kwa jina la baba aliyekuwa bado hajapoa.

Kitabu cha mazishi nilikiandika mimi, maana nani mwingine? Jumatano nilikuwa ofisini Kitale, nikaandika historia kama kaka yangu mkubwa alivyonisomea kwenye simu, watoto saba, mimi wa nne. Jina la dada wa Lwakhakha hakulitaja na mimi sikutaka kugombana naye kwenye simu. Nikaituma kwenye foleni, nakala mia tatu, nikaipa ruhusa papo hapo, ili ikae tayari. Kadi yangu nikamwachia mwenzangu wa ofisini aje aitoe Ijumaa. Kuazimana kadi ni jambo nililolikataza mimi mwenyewe, kwa barua.

Alhamisi asubuhi tuliketi kikao nyumbani. Sijawahi kupigana vile. Kaka mkubwa akasema mama yetu atageuka kaburini. Nikamwambia mama yetu ndiye aliyetufundisha kutomla mtu haki yake. Wa pili akasema basi awekwe mwishoni, baada ya wajukuu. Nikasema hapana, awekwe kwa umri. Mimi nisogee niwe wa tano, yeye awe wa nne, kwa sababu ndivyo alivyozaliwa. Nilisimama katikati ya wazee na kelele zangu, na sioni aibu kwa hilo. Baba mdogo ndiye aliyekata shauri. Akasema, "Andika mtoto." Kaka mkubwa akainuka, akatoka nje.

Nilifungua kompyuta pale pale juu ya gunia la mahindi, nikaweka jina lake. Nikalisoma mara tatu. Nikatuma kwenye foleni, jina la faili lile lile, nakala zile zile mia tatu. Kisha nikampigia simu. "Dada, uko wa nne. Kaka wa tatu akishaitwa, wewe unasimama. Usiogope watu." Akasema atashona gauni.

Ile kazi ya kwanza sikuifuta. Na ile ya pili, kwa kuwa ni kubwa, ikakaa kwenye seva ikingoja ruhusa yangu. Mfumo ulinitumia ujumbe kuniomba, kama nilivyoupanga ufanye. Ujumbe ukaingia katikati ya pole za watu, pole za kanisa, pole za shule niliyosoma, mamia, na simu yangu nikaitupa kwenye kapu la nguo maana sikuwa na nguvu ya kujibu tena. Mwenzangu Ijumaa akagusisha kadi, akaona kazi moja. Angejuaje? Akaitoa, akaikunja, akaibana pini, akazifunga nakala vizuri kwenye makatoni.

Jumamosi asubuhi aliyafikisha makatoni Ndalu. Nilimshukuru, nikapitisha mkono juu ya picha ya baba kwenye jalada, nikaona rangi zimetoka safi. Nikafurahi, ebu fikiria, nikafurahia rangi. Ndani sikufungua. Nilikuwa na wageni wa kuketisha na jeneza liko njiani.

Dada alifika mapema, amevaa gauni la zambarau jipya, pindo bado lina alama za chaki ya fundi. Nilimketisha mstari wa tatu, karibu na njia, ili asipate shida kupita. Vitabu vilikuwa bado vinagawiwa upande wa wakwe. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Mama wa chumba cha kuchapisha naye alikuja, kutoka Bungoma, pamoja na wafanyakazi wengine. Baada ya yote niliyomtamkia, alikuja kunizikia baba. Akapewa kitabu. Mimi nilikuwa nyuma ya hema nikihangaikia maji ya wazee, nikamwona anakuja mbiombio, kidole kimebana ukurasa.

"Msichana wangu, hapa watoto ni saba. Asubuhi kwenye gari wenzako walikuwa wanasema umewapigania wawe wanane."

Nilichukua kile kitabu. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne, mimi.

Sijui niseme nini kuhusu dakika ile. Nilijua ni kazi ya Jumatano, nilijua ile ya Alhamisi imekaa Kitale kwenye seva ndani ya chumba chenye baridi, imetimia, haina kosa hata moja, inangoja nibonyeze. Nilijua ni mimi. Na wakati huo huo nikasikia emsii kwenye kipaza sauti akimwita kaka mkubwa aje asome historia ya marehemu.

Nikararua kipande cha karatasi, nikaandika kwa haraka: Wa nne ni dada wa Lwakhakha. Kitabu kina makosa. Soma hivi. Nikapita mbele ya watu wote, nikamwekea kaka mkononi. Aliisoma. Naapa aliisoma, niliona macho yake yakienda mpaka mwisho na kurudi. Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa koti, akakohoa, akaanza kusoma kitabu.

Ningepaswa kumnyang'anya kipaza sauti. Mimi huyu, niliyempigia kelele mpaka daktari wa baba, siku hiyo nilisimama kando ya jeneza nimeganda.

Aliita wa kwanza, yaani yeye mwenyewe, watu wakacheka kidogo. Akaita wa pili. Akaita wa tatu, kaka akasimama, akaenda mbele. Nikamwona dada anaweka mkoba chini, ananyoosha gauni, anainuka. Alisimama wima kabisa, kidevu juu, kama nilivyomwambia. Na kaka mkubwa akasoma jina langu.

Watu wakageuka kunitafuta. Wengine walimwona yeye amesimama, wakawa wanamwangalia, wanatuangalia, masikio yale yale. Alikaa vile kwa muda ambao mpaka leo sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha akainama kana kwamba ameangusha kitu, akaokota mkoba, akaketi. Majina mengine yakasomwa. Tulipoweka udongo kaburini nilimtafuta, kiti kilikuwa kitupu.

Kaka nilimvaa jioni ile mbele ya wageni. Akaniambia polepole, "Mimi nilisoma kilichoandikwa. Nani aliandika?" Na hapo alinishinda.

Jumatatu nikapiga simu Lwakhakha. Hakushika. Nikapiga tena Jumanne, akashika. Nikamweleza yote, foleni, ruhusa, kazi mbili zenye jina moja. Nilieleza vizuri, kama ninavyowafundisha wafanyakazi. Alinisikiliza.

"Kwa hivyo kompyuta," akasema, "kati ya majina yote hayo, iliona langu peke yake?"

Kila neno nililomwambia lilikuwa la kweli, na hakuna mtu mwenye akili ambaye angeniamini.

Niliporudi Kitale niliiona ile kazi, ipo, imebakisha saa chache ijifute, maana kazi isiyotolewa haikai zaidi ya wiki. Nikaipa ruhusa. Nakala mia tatu zikaanza kutoka, na nilisimama pale mpaka ya mwisho. Nilizisoma moja moja. Wenzangu waliniacha, wakadhani ni majonzi, na yalikuwa majonzi. Jumamosi nikachukua katoni moja, nikaenda mpakani. Nilitaka kupiga magoti, kusema kweli. Nilikuwa nimejipanga nipige magoti mbele yake na mbele ya mama yake.

Aliniona nikiwa bado mbali, akatoka, akanisimamisha nje ya uzio. Akafungua katoni, akachukua kitabu kimoja, akakipata ukurasa bila kuuliza. Kidole kikasimama juu ya jina lake. Nikaanza, "Dada, nimekuja kumwomba mama..."

"Usimwombe kitu," akanikata. "Nilimwambia lilisomwa."

Nikaiweka katoni chini.

"Nilirudi jioni hiyo, nikamkuta ameketi mlangoni ananingoja, hajala. Ningemwambiaje? Nikamwambia nilisimama na watu wakaniona. Kitabu ameniuliza wiki nzima, namwambia viliisha." Akakitazama tena. "Hiki kitanisaidia. Hivyo vingine rudi navyo."

Nyumba ilikuwa ndogo, safi. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na dirisha, mdogo kuliko nilivyomwazia, macho yana ukungu. Aliposikia mimi ni nani alinishika uso kwa mikono yote miwili, akauchunguza kwa vidole. Dada akampa kitabu, akamwekea kidole mahali penyewe. "Ni hapa, mama. Wa nne." Mzee akabaki amekigandamiza kidole pale, hataki kukitoa. Kisha akaniinulia uso.

"Sasa wewe ulikuwa hapo," akasema. "Huyu wangu hajui kusimulia, anasema tu walisoma, walisoma. Niambie wewe. Walipoliita jina la mtoto wangu, ilikuwaje?"

Dada alikuwa amesimama nyuma yake kwenye mlango wa jikoni. Hakunitazama.

"Alisimama, mama," nikasema. "Kaka mkubwa mwenyewe ndiye aliyemwita. Amevaa gauni la zambarau. Watu wote wakageuka kumwangalia."

"Wakasema nini?"

"Wakasema amefanana na baba."

"Eeh! Si niliwaambia? Na akaenda mbele?"

"Akaenda mbele."

"Peke yake?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye wa tano. Niliitwa baada yake, nikaenda nikasimama naye. Nilimshika mkono."

Bibi yule alicheka, machozi yakimshuka, akapiga kiganja chake juu ya kitabu mara mbili, tatu. "Hebu anza tena," akasema. "Anza pale wanapomwita, na usiende haraka."

Nikaanza tena. Dada alisikiliza mpaka nilipofika pale anapoinuka, akageuka akaingia jikoni, akaufunga mlango.